Pini ya Shaba na Mkono wa Tabea

Sifa zote njema namrudishia Mwenyezi Mungu, aliyekishusha chuma akakitia nguvu, kisha akampa mwanadamu akili ya kukitumia na hofu ya kukichunga. Amenipa umri, amenibakishia macho ya kusoma, na leo amenipa subira ya kukaa kitako niandike. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Baada ya hayo, vijana wangu, nisikilizeni.

Mjukuu wangu Mwajuma amehamia Maramba na mumewe. Wamenunua ng'ombe wawili wa maziwa, na sasa ameniletea barua akiuliza: "Babu, wewe uliyezeeka na injini, tununue mashine gani ya kukatia majani?" Nilidhani nitamjibu kwa mistari mitano. Kalamu ikakataa kusimama. Basi jibu lake nawapa na nyinyi wengine mnaofuga nyumbani, na nyinyi mnaotaka kushika spana kama nilivyoshika mimi.

Kazi hii nilijifunza miaka ya hamsini kwa Fundi Kombo, Ngamiani, mjini Tanga. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha bati chenye jiliwa la kubania vyuma, keekee ya mkono ya kutobolea, na harufu ya petroli iliyonifuata mpaka msikitini. Kabla ya hapo nilikuwa chuoni. Nilikwisha hitimu Msahafu na kuanza fiqhi, na marehemu baba alitaraji niwe mwalimu. Mola alipanga vingine, na sikujuta, maana Fundi Kombo naye alifundisha kama mwalimu wa chuo: hakupi neno la pili mpaka la kwanza likae.

Mashine zenyewe zilikuwa ngeni. Ndogo za nyumbani zilikuwa na injini ya petroli ya kuvuta kwa kamba, mkanda, na gurudumu lenye visu viwili ndani ya boksi la chuma. Unalisha majani mdomoni, visu vinayakata vipande vifupi, yanatemwa upande wa pili. Kazi ya panga ya asubuhi nzima inakwisha kabla maziwa hayajachemka.

Watu wakazipenda, na wakipenda kitu wanataka kikubwa. Alikuja bwana mmoja wa Pongwe, ametoka shambani moja kwa moja, kofia mkononi.

"Nataka ile kubwa kabisa," akasema.

"Ng'ombe wangapi?" Fundi Kombo akauliza.

"Mmoja. Lakini ana mimba."

"Ana mimba ya ng'ombe kumi?"

Bwana yule alikasirika, akaenda kununua kwingine, mashine yenye sauti ya gari moshi. Mkewe hakuweza kuvuta kamba yake. Yeye mwenyewe aliivuta mpaka bega likateguka. Nilipopita kwake mwaka wa pili, kuku alikuwa ameatamia ndani ya mdomo wa mashine. "Angalau inafanya kazi," akaniambia, wala hakucheka.

Kwa hiyo, Mwajuma, kabla ya kuuliza nguvu za mashine, uliza kazi. Ng'ombe wawili wanataka injini ndogo. Kisha mchukue dukani yule atakayeitumia. Anayenunua mashine mara nyingi ni baba, na anayeishika kila siku ni mama au binti. Avute kamba yeye, mara tatu, mbele ya mwenye duka. Akishindwa akiwa amepumzika, hataweza akiwa amechoka. Tazama kama kifuniko cha visu kinafunguka kwa nati za masikio, zile za kuzungusha kwa vidole, au kinataka spana ambayo itapotea kabla ya Idi. Na uliza pini iko wapi. Mwenye duka asiyejua pini iko wapi, muage kwaheri.

Habari ya pini nitaifikia. Mkono wangu unaikwepa hata sasa.

Injini zile zilikuja na kijitabu cha Kiingereza, na karani mmoja wa bandarini alikuwa akitusomea akinywa kahawa yetu. Siku moja akatuonyesha picha: injini ileile kama yetu, lakini imefungwa kwenye mashine yenye mdomo mpana na shingo ndefu, na mtu aliyevaa kama gunia anaisukuma mlangoni kwake. Karani akasema ile ni mashine ya kuondoa theluji. Kuna nchi watu wanaamka wanakuta mlango umezibwa na kitu cheupe kilichoanguka usiku, inabidi wakilishe mashine ikiteme pembeni ndipo wapate njia.

"Subhanallah," akasema Fundi Kombo. "Na sisi tunalalamikia matope."

Lakini alimwambia karani asome yote, hata ya theluji, na ndiko tulikojifunza mengi. Kijitabu kilisema baridi ikiisha, kabla ya kuiweka mashine, mimina petroli yote nje, kisha uiwashe injini mpaka ijizime yenyewe kwa kiu. Petroli ikilala miezi ndani ya kabureta hugeuka utomvu. Huku pwani hatuna baridi ya kuisha, lakini tuna masika. Majani yanapojaa kila mahali, watu huwafunga ng'ombe nje na mashine inapumzika. Wakija kuivuta kiangazi, haiamki. Nusu ya mashine nilizotengeneza maishani hazikuwa zimeharibika. Zilikuwa zimelazwa na petroli tumboni. Mimina petroli. Toa plagi, tia kijiko cha oili, vuta kamba taratibu mara mbili, rudisha plagi. Funika na gunia, usifunike na nailoni, maana nailoni hutoa jasho na jasho huleta kutu. Haya ni machache na hayachoshi.

Kijitabu kilisema na neno la pini. Mashine ya theluji nayo ilikuwa nayo.

Kati ya gurudumu la mkanda na mhimili wa visu kulikuwa na tundu, na tunduni pini ya shaba isiyozidi kidole gumba kwa urefu. Ndiyo iliyofunga mkanda na visu viwe kitu kimoja. Visu vikikwama, kwa jiwe au kwa majani mengi kupita kiasi, pini ile laini hukatika. Gurudumu la mkanda linaendelea kuzunguka bure, injini inaimba tu, na visu vinasimama kimya, havina nguvu yoyote nyuma yao. Fundi Kombo aliiita pini hiyo mnyonge. "Kila mashine ina mnyonge wake," alikuwa akisema. "Kawekwa afe yeye, wengine wapone." Nilikariri maneno yale kama nilivyokariri chuoni, na kama ilivyokuwa chuoni, si kila nilichokariri nilikuwa nimekielewa.

Tulikuwa na mteja milimani, karibu na Amani. Baba Eliya, Msambaa, mzee wa kanisa la Kilutheri, mtu wa maneno machache na ng'ombe watatu ambao hawakutoka zizini mwaka mzima kwa sababu ya mteremko. Huko mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, hukatwa masika na kiangazi. Mkewe, Mama Eliya, alikamua. Mashine ilikuwa ya binti yao Tabea, aliyekuwa na umri kama wangu mimi, ishirini na kitu, mcheshi, mwenye mkono wa kuume mwepesi kuliko macho yangu. Tulipokwenda kuwafungia mashine yao nilimwona akifanya kazi. Pini ilikatika mbele yetu. Injini ikaendelea kunguruma, yeye akazungusha nati mbili za kifuniko, akaingiza mkono mpaka kiwiko, akachomoa bunda la majani.

Nikashtuka. Akanicheka.

"Fundi, gurudumu limelala. Likilala haliumi."

Ilikuwa kweli. Nikanyamaza. Lile lilikuwa kosa langu la kwanza, vijana wangu, ingawa halikuonekana kama kosa: niliona mkono ukizoea mahali ambapo mkono haufai kuzoea.

Baada ya miezi, wakati wa masika, Baba Eliya akateremka mjini na mashine ndani ya lori. Fundi Kombo alikuwa amekwenda Pangani kwenye msiba wa shemeji yake, na karakana ilikuwa mikononi mwangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwenzio yuko wapi?"

"Kasafiri. Lakini nipo mimi."

Akanitazama kama mtu aliyeagiza ng'ombe akaletewa mbuzi. "Pini tatu kwa wiki moja," akasema. "Tatu! Hii ni mashine au ni mtoto anayeng'oka meno?"

Ningekuwa fundi, ningeuliza kwa nini pini zinakatika. Ningepitisha kidole kwenye visu nikaona vimekuwa butu. Ningepima nafasi kati ya kisu na chuma cha kukatia, ambayo haitakiwi kuzidi unene wa karatasi, nikaona inapita sarafu. Visu butu havikati, vinatafuna, na majani yaliyolowa mvua yakitafunwa hufanya donge. Pini ilikuwa ikifa kwa sababu ya haki kabisa. Lakini mimi nilikuwa nimeachiwa karakana kwa mara ya kwanza, na mzee wa watu alikuwa amesimama mlangoni. Ndani ya kopo la vyuma chakavu kulikuwa na ncha ya keekee iliyovunjika, na mguu wake ulikuwa na unene uleule wa tundu la pini, sawasawa, kana kwamba vilizaliwa pamoja. Chuma kigumu kisichoingia tupa. Nikaukata kwa jiwe la kunolea, nikaupigilia.

Na nia yangu, Mungu ni shahidi, ilikuwa njema. Nilifundishwa kwamba anayefanya kazi aifanye kwa ihsani, kwa ukamilifu wake, nami nikadhani ihsani ni kukifanya kitu kisivunjike.

"Hii haitakatika tena," nikamwambia.

"Ubarikiwe, kijana," akasema Baba Eliya, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ilikuwa Alhamisi. Mashine ikapanda lori.

Fundi Kombo alirudi Jumapili adhuhuri. Nikampa habari za siku zote, na hiyo niliiweka mwisho, kama mtu anayeweka nyama chini ya wali. Akachukua kopo, akakiona kile kipande cha keekee kilichobaki. Akakigeuza kwa vidole vyake.

"Umemtia hiki?"

"Ndiyo, fundi. Pini zilikuwa zikikatika sana."

"Na mashine ikikwama, wale watu hufanyaje?"

Nikajibu kabla sijafikiri. "Binti huingiza mkono."

Nilisikia maneno yangu mwenyewe yakitoka. Fundi Kombo hakunikemea. Alivuta kigoda akaketi, na hilo lilinitisha kuliko kofi.

"Weye sikiliza," akasema polepole. "Zamani ikikwama, pini yakatika, visu vyalala. Sasa ikikwama, pini haikatiki. Mkanda wabana, injini yanyongwa, yazimika. Binti atasikia kimya, atasema imelala. Lakini haikulala. Mkanda bado umevutwa kama upinde. Akichomoa majani tu, upinde unafyatuka. Robo mzunguko yatosha. Robo."

"Basi niende sasa hivi!"

"Leo Jumapili, hakuna lori la kupanda. Lakini na wao leo ni siku yao ya kanisa, hawawashi mashine. Mola kakupa siku moja. Kesho Jumatatu watakuwa na majani ya kukata mengi kuliko siku zote."

Ijumaa na Jumamosi zilikuwa zimekwisha pita. Nilinoa visu vipya viwili mpaka jioni, nikakata pini sita za shaba, nikazifunga kwenye kitambaa. Simu ilikuwa ya wakubwa wa serikali, na hata ningepata mtu wa kunipigia, nani angepokea huko akimbie kilomita kadhaa kwenda kumwambia binti wa mtu habari ya pini? Barua ingefika Alhamisi.

Sijui nililala vipi. Najua niliswali, na kila niliposema amina niliuona ule mkono ukiingia mpaka kiwiko.

Asubuhi nikapanda treni mpaka Muheza. Hapo nikapata lori lililobeba chumvi na mabati. Mvua ilikuwa ikinyesha, na kwa mara ya kwanza maishani niliiomba mvua isikome, maana mabingobingo yakilowa sana huachwa kwanza yachuje maji. Kila tulipopanda, mawingu yalifunguka. Kabla ya kufika Zigi lori likanasa kwenye tope. Dereva akashuka, akatazama magurudumu, akaketi juu ya jiwe akawasha sigara.

"Tutatoka saa ngapi, kaka?"

"Muulize tope."

Nikashuka nikaenda kwa miguu. Jua lilikuwa limetoka. Nilisimama mara moja tu, kuswali adhuhuri kandokando ya njia, na nikiri kwamba swala ile niliiharakisha. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwomba Mungu aipokee hivyohivyo.

Kisha nikaisikia. Ng'ambo ya bonde, juu, sauti ya injini. Naijua sauti ya injini niliyoifunga mwenyewe, kama mama anavyojua kilio cha mwanawe kati ya vilio kumi. Ilikuwa ikienda vizuri. Nikafurahi: wakati inaenda, mkono uko nje. Nikakimbia. Sauti ikazama kidogo, ikapanda, ikazama tena. Visu butu vilikuwa vikitafuna. Halafu ikazama na haikupanda. Injini ikizimwa na mtu hupumua, huteremka taratibu mpaka ikatulia. Hii haikupumua. Ilinyongwa, ghafla, ikabaki kimya na ndege wakasikika.

Kati yangu na nyumba ile kulikuwa na bonde zima, mteremko na mpando, nusu saa kwa mguu wa mwenyeji. Nati mbili za masikio huchukua dakika moja. Majani yaliyobana kifuniko huchukua nyingine.

Nikapiga kelele. "Tabea! Usiguse!" Sauti yangu ya mjini ilianguka miguuni pangu.

Njiani alikuwa anashuka bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani. Akasimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona wahema kama mbuzi aliyeona chui?"

"Bibi, yule binti wa Baba Eliya! Anaingiza mkono kwenye mashine, itamkata, mimi ndiye niliyeiharibu, haisikiki sauti yangu..."

Hakuniuliza mashine gani. Aliutupa mzigo wa kuni, ukabingirika mpaka kwenye majani. "Ukinidanganya," akasema, "mbuzi utatoa weye, si mimi." Akaweka viganja mdomoni akapiga ukemi.

Nyinyi wa leo huenda hamjui ukemi ni nini. Milimani kule nyumba ziko mbalimbali, na mtu akipatwa na moto, chui au mauti, hutoa mlio mmoja mrefu unaopanda na kuvunjika. Anayeusikia hana ruhusa ya kumaliza alichokuwa akifanya. Hata kama ameinua jembe, analiweka. Anatoka nje, anaitikia, anakimbilia ulikotoka. Na anayeupiga bila sababu hutozwa mbuzi mbele ya watu wote. Mlio wa bibi yule mwembamba ulivuka bonde kama jiwe la kombeo. Ukajibiwa upande wa kushoto. Ukajibiwa juu. Kisha nikaona, mbali, kitu cha rangi ya manjano kikitoka kwenye banda karibu na nyumba ya Baba Eliya na kusimama uwanjani. Ilikuwa kanga. Mikono miwili ikapanda mdomoni, ikaitikia.

Miwili. Niliihesabu. Nikaketi kwenye tope na suruali yangu ya safari.

"Inuka," akasema bibi. "Sasa watakuja, na si mimi nitakayewaeleza."

Walikuja. Tulipofika uwanjani kwa Baba Eliya walikuwa watu zaidi ya ishirini: wenye mapanga, wenye ndoo za maji, mmoja na mkuki, na mama mmoja ambaye alikwisha anza kulia kwa tahadhari.

"Moto uko wapi?"

"Nani kafa?"

"Nani kapiga ukemi?"

Bibi akaninyooshea kidole. Nikasimama mbele yao, matope mpaka kiunoni, nikatoa kitambaa mfukoni, nikakifungua, nikawaonyesha pini za shaba.

Mwenye mkuki akasogea akatazama. "Hiki?" akasema. "Nimeacha pombe ya miwa kwa ajili ya hiki?"

"Mbuzi!" akasema mwingine, na wengine wakaitikia. "Mbuzi, mbuzi!"

Tabea alikuwa amesimama mlangoni pa banda, kanga yake ya manjano imelowa utomvu wa majani. "Fundi, umepanda mlima wote huu kuniletea pini?" akasema. "Si ulisema haitakatika tena? Na kweli haikukatika. Imekwama tu, nami nilikwisha fungua kifuniko ukemi ulipopigwa. Ngoja nitoe majani, kisha tukutafutie chai."

Akageuka kuingia.

"Tabea, kwa jina la Mungu, usiguse!"

Nadhani ni jina la Mungu lililomsimamisha. Nikamwomba Baba Eliya kijiti. Akakata tawi la mpera, nene kama kifundo cha mkono wa mtu, akanipa, uso wake haujaamua kitu. Watu wakajaa mlangoni. Kifuniko kilikuwa wazi. Ndani donge la majani mabichi limebana kisu, na gurudumu limetulia kabisa, kimya, kama kitu kilicholala. Nikasimama pembeni, nikaingiza kijiti mahali ambapo mkono wake huingia, nikalisukuma donge.

Gurudumu liliruka. Halikuzunguka hata nusu. Mlio mmoja tu, kama mlango uliopigwa na upepo, na kipande cha mpera kikaanguka miguuni pa Baba Eliya. Ingawa kilikuwa butu, kisu kile kilikipitia kijiti chote.

Tabea alitazama kijiti, akatazama mkono wake wa kuume, akauficha ndani ya kanga.

Nikawaeleza. Niliwaambia yote, tangu Alhamisi: keekee iliyovunjika, visu nilivyoshindwa kuvitazama, na kwamba nilimwona zamani akiingiza mkono nikanyamaza. Nilisema mashine hii ilikuwa salama mpaka mimi nilipoitengeneza. Baba Eliya aliinama akaokota kipande cha mpera, akakishika muda mrefu. Nilingoja. Angenipiga ningepokea.

"Ijumaa ilikwama mara moja," akasema mwishowe, si kwangu, kwa mkewe. "Nilimwambia Tabea aache, nikachomoa mimi kwa panga. Nilikuwa na haraka tu."

Mama Eliya akamvuta Tabea karibu naye.

Nikafanya kazi mbele yao wote, maana hakuna aliyeondoka. Nikatoa plagi kwanza, na hili liandikeni mahali: hata injini imezimika, toa plagi au waya wake kabla mkono haujakaribia visu. Nikaulegeza mkanda. Nikatoa kile chuma changu kwa nyundo, nacho kilinisumbua, hakikutaka kutoka. Nikafunga visu vipya, nikapima nafasi kwa ukurasa wa kalenda ya kanisa walionipa. Nikatia pini ya shaba. Nikamchongea Tabea kijiti cha mpingo kutokana na mpini wa jembe uliovunjika, nikakining'iniza kwa kamba kwenye banda, nikamwambia hiki ndicho mkono wako kuanzia leo, pini ikatike isikatike.

Tabea akavuta kamba. Injini ikaamka. Akalisha majani, visu vikakata kwa sauti safi, na watu wakaanza kunong'ona kwamba inafaa.

"Shindilia," akasema Baba Eliya.

"Baba?"

"Shindilia, tuone."

Akachukua bunda zima lililolowa akalisukuma mdomoni. Mashine ikagugumia. Tukasikia *tak*, kidogo, kama mtu aliyevunja kijiti cha kiberiti. Visu vikasimama. Injini ikaendelea kuimba.

Basi yule mzee wa kanisa, aliyeteremka mpaka Tanga kulalamikia pini tatu, akavua kofia. "Bwana asifiwe, imekatika," akasema. Na uwanja mzima ukaitikia. Habari ya mbuzi haikutajwa tena, ila yule mwenye mkuki aliuliza kama nilikuwa na hakika kwamba hakuna hata kuku.

Wakanikaribisha chakula, ugali na maziwa ya mgando. Mama Eliya alikuja na birika ya maji ya kuninawisha. Nikanyoosha mikono, maji yakamwagika pembeni, maana mikono yangu ilikuwa ikitetemeka na sikuweza kuituliza. Akaweka birika chini. Akaishika yote miwili, akaikandamiza kati ya viganja vyake mpaka ikatulia.

"Mwanangu," akasema, "mkono wake upo. Na yako ipo. Kula."

Nikala.

Mwajuma, nunua ile ndogo. Nanyi nyote mliosoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu awalinde nyinyi na wanaofanya kazi chini ya mikono yenu, awape ujuzi usio na kiburi, awaonyeshe makosa yenu wakati njia bado ipo ya kuyafikia, na awawekee njiani mtu atakayetupa mzigo wake kwa ajili yenu. Amin.